Kiti cha Jengo la Mimea

Jumanne, 10 Juni

Leo nimeiba kiti. Hapana – nimeokoa kiti. Sijui.

Siku ya pili naenda kazini na Baba. Mama hataki likizo nzima nibaki nyumbani "nikiongea na ukuta". (Ukuta unasikiliza vizuri, lakini sikumjibu hivyo.) Baba ni fundi wa maabara. Watu wanamletea vitu vya kale sana, mkaa wa majiko ya zamani, vipande vya mifupa, mbegu. Yeye anaviosha kwa asidi, anavichoma viwe gesi, kisha anaifungia gesi ndani ya mirija midogo ya kioo. Kila Ijumaa boksi la mirija linasafirishwa kwenda mbali kwa watu wenye mashine kubwa, na baada ya wiki kadhaa wanarudisha umri. Miaka elfu mbili. Elfu nne. Kazi yote hiyo anaifanya juu ya stuli ya chuma isiyo na pa kuegemea! Jioni anashuka ngazi kwa ubavu kama kaa. Jana Mama alimwambia, "Mzee, huo mgongo nao upeleke ukapimwe. Nadhani umeshaipita hiyo mifupa yenu kwa umri."

Basi mchana nilikuwa nazungukazunguka uani, nikapita nyuma ya jengo la mimea, wanakochunguza majani. Nje kwenye korido kulikuwa na rundo la samani za kutupwa. Makabati yasiyo na milango, meza ya miguu mitatu – na kiti! Cheusi, cha magurudumu, kina mikono, kina mgongo mrefu. Nikasimama kama dakika kumi nikimsubiri mtu atokee nimwombe. Halafu nikaanza kumwomba Mungu mtu asitokee. Nikimwona mtu nisiyemjua ulimi wangu unaaga. Hakutokea mtu. Nikakisukuma. Magurudumu yalipiga kelele uani kote, jasho jembamba! Mguuni kilikuwa na kipande cha selotepu ya njano, kinanata kwenye sketi yangu. Nikakibandua kwa kucha.

Baba akauliza nimekitoa wapi.

"Stoo."

Ndivyo lilivyotoka. Ni neno fupi.

Akakikalia, akazunguka mara mbili. "Leo mimi ni waziri! Wenye shida waingie mmoja mmoja."

Sijamwona akicheka hivyo siku nyingi. Basi.

Ijumaa, 13 Juni

Nimepata rafiki, au yeye amenipata mimi. Anaandika utafiti wake wa udaktari. Namwita Dada Tope (kichwani tu, simwambii), kwa sababu siku ya kwanza nilimkuta ana tope hadi kwenye nyusi. Amelitoa chini ya ziwa, kwenye mabomba marefu kuliko Baba. Analikata vipande vyembamba kama mkate, sentimita kwa sentimita, halafu anatafuta mbegu za nyasi kwa mikroskopu. Mbegu moja ni ndogo kuliko nukta hii. Kwenye kipande kimoja anaweza kupata nne. Au asipate.

Shuleni tulisoma habari hizi kwa Kiingereza. Nilizikariri zote, nikapata kumi na tisa juu ya ishirini, na sikuelewa hata moja. Leo Dada Tope kanieleza kwa kikombe chake cha chai. Chochote chenye uhai kinavuta kaboni, na ndani ya kaboni hiyo mna chembe za aina moja adimu, kaboni kumi na nne. Kikifa kinaacha kuvuta, na hizo chembe zinapungua, polepole, kwa kiasi kinachojulikana. "Ukikuta chai yangu imekuwa vuguvugu, si unajua nimeondoka muda gani? Na mbegu ni hivyohivyo."

Anachotaka kujua: zamani ziwa lile lilikauka, na watu waliokuwa wakipika ufukweni wakahama. Je, ziwa lilikauka kwanza, au watu walihama kwanza? Kati ya mambo hayo mawili anadhani kuna miaka sitini tu. Miaka mitatu ya maisha yake kwa ajili ya miaka sitini ya wenzake!

Aliongea saa nzima. Mimi nilisema "mm". Akasema, "Mdogo wangu, wewe ni mtu mzuri wa kuzungumza naye. Hukatizi."

Mlangoni pana karatasi: ALIYEINGIA JENGO LA MIMEA LEO ARUDI KESHO, AMEOGA. Nadhani maprofesa wamenuniana.

Ijumaa, 27 Juni

Boksi la tatu limeondoka. Lebo zote mwandiko wangu! Mgongo wa Baba afadhali. Jana alimnyanyua Mama jikoni, Mama akapiga kelele, "Niache, utarudi kwenye stuli!"

Jumatatu, 7 Julai

Kuna jambo.

Saa nne simu ililia ofisini kwa Profesa. (Profesa ndiye mkuu wa maabara. Mwanamke mrefu, huwa hapazi sauti, ndiyo maana anatisha.) Alikuja akasimama mlangoni kwetu na simu bado mkononi. Akasema watu wa mashine wamezima mashine. Imechafuka. Mirija yetu ndiyo imeichafua.

Dada Tope akauliza mirija ipi.

Ya boksi la juma langu la kwanza, kumbe. Tope la mita nne chini, lililopaswa kuwa na miaka elfu nne na zaidi, limetoka na kaboni kumi na nne nyingi kuliko kitu chochote kinachoishi leo duniani. Ukipiga hesabu, mbegu zile bado hazijaota. Zitaota baada ya miaka mingi ijayo!

Mimi nilicheka. Kidogo tu, puani. Hakuna aliyecheka nami.

Baba alikuwa amekaa kwenye kiti chake, mikono yake juu ya mikono ya kiti. "Nimeosha kama ninavyoosha siku zote," akasema. Akarudia. Mara ya pili ilikuwa kama anajiuliza.

Jumanne, 8 Julai



Saa tano nilimwuliza Dada Tope – mimi, niliuliza mwenyewe! – kaboni nyingi hivyo inaweza kutoka wapi. Akasema ni mahali pamoja tu. Jengo la mimea. Wao wananunua kaboni kumi na nne ya kutengenezwa, wanailisha majani, halafu wanaifuatilia waone sukari inakwenda wapi ndani ya mmea. "Kwa mtu haina neno, usiogope, ni kidogo. Lakini kidogo chao kwetu ni gharika. Tone likikauka kwenye kitasa, ukashika kitasa, ukashika mbegu yangu, kwisha habari yangu. Ndiyo maana ya ile karatasi mlangoni. Na ndiyo maana kila kifaa kinachotumika na hiyo kaboni wanakibandika selotepu ya njano."

Nikaangalia ukucha wangu. Kama vile selotepu ingekuwa bado ipo.

Mchana kutwa nimemtazama Baba. Anavuta kiti kwa mikono ya kiti. Anashika koleo ndogo. Anashika mrija. Anajikuna shavu. Anavuta kiti tena.

Glavu zipo, anavaa. Lakini anavuta kiti akiwa ameshazivaa.

Jumatano, 9 Julai

Nimemwambia.

Jioni, getini. Alikuwa ameinama anarudisha mnyororo wa baiskeli. Nilichagua wakati huo kwa sababu haoni uso wangu.

"Baba, kile kiti si cha stoo."

"Cha wapi?"

Sikuweza. Nikanyoosha kidole. Alilazimika kugeuka kuangalia nilikokuwa naelekeza, na kilichokuwa pale ni jengo la mimea, na madirisha yake yote.

Akarudi kwenye mnyororo. Ulikuwa umeshakaa sawa, lakini aliendelea kuzungusha pedeli kwa mkono. Gurudumu likawa linazunguka hewani. Nikahesabu hadi arobaini.

"Umemwambia nani?"

"Wewe."

"Basi liishie hapo."

Njia nzima hakunifokea. Nilitaka anifokee. Nyumbani Mama kamuuliza mbona kimya, akasema kimya ni nini, mtu amechoka. Akala akiwa amesimama.

Alhamisi, 10 Julai

Mkaguzi amefika. Ametumwa na watu wa mashine. Mzee mnene, mpole, ana sanduku la vikaratasi vya duara kama vya kuchujia kahawa ya mwanasesere. Analowesha kimoja, anapangusa kitasa, anakitumbukiza kwenye kichupa, anaandika. Kitasa. Bomba. Swichi. Friji ndani na nje. Kila anachopangusa anakiomba radhi, "samahani kidogo", hata meza.

Kisha akasema, "Na wewe fundi, samahani kidogo." Akapangusa funguo za Baba. Miwani. Saa. Mkanda wa suruali! Baba alisimama ameinua mikono kidogo kama mtoto anayepimwa nguo. Profesa aliangalia dirishani. Nikamchukia Profesa, halafu nikakumbuka ni mimi.

Mwisho akapangusa kiti. Vikaratasi vinne.

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nikashika fagio, nikafagia mahali palipofagiliwa.

Ijumaa, 11 Julai

Kiti. Mikono yake yote miwili – tarakimu hazikuenea kwenye safu ya fomu, Mkaguzi akaziandikia pembeni. Na kidogo kwenye koleo, droo, miwani ya Baba.

Walikaa ofisini kwa Profesa. Mimi nilikuwa chumba cha pili naosha vyupa, ukuta ni mbao tu.

Mkaguzi akauliza kiti kimetoka wapi. Nikafunga bomba.

Sauti ya Baba: "Nilikichukua mimi. Mwezi wa tatu. Ile wiki tulipoambiwa tugawane samani za stoo ya pamoja."

Profesa akasema kweli, Machi aliruhusu hilo, na watu wa mimea nao waliweka vitu vyao humo.

"Machi. Una uhakika?"

"Nina uhakika."

Mwongo hodari! Sikujua. Hata hakukohoa.

Tulipokuwa tunarudi aliniambia, "Machi wewe ulikuwa bwenini. Hakuna atakayekutaja. Na Machi iliruhusiwa, kwa hiyo hata mimi si mwizi. Umeelewa?" Nikasema nimeelewa. Nilihisi vizuri. Naandika hapa kwa sababu hapa sidanganyi: nilihisi vizuri sana, nikala sahani mbili.

Jumatatu, 14 Julai

Sikuelewa kitu.

Asubuhi Mkaguzi kabandika orodha. Mirija yote iliyopita maabara hii tangu Machi, ifutwe. Tisini na sita. Kama angejua kiti kilikuja tarehe kumi Juni, ingekuwa kumi na tisa tu! Nimeihesabu mara tatu.

Dada Tope akasema lakini majibu ya Aprili na Mei yalikuja vizuri, yamepangana, ya chini mazee, ya juu machanga. Mkaguzi akamjibu polepole kwamba hapo ndipo pabaya. Uchafu mkubwa unajionyesha. Uchafu mdogo unamsogeza mtu miaka mia tatu, na majibu bado yanapendeza. Dada Tope akasema na makaa ya mawe je? (Kila boksi linakwenda na kipande cha makaa ya mawe, ambacho ni kikongwe mno, hakina kaboni kumi na nne hata chembe. Kikirudi nayo, ujue pamechafuka.) Ya Mei yalirudi safi. Mkaguzi akasema ndiyo, ila makaa yanaandaliwa kwenye meza ya dirishani, kwa kusimama. Hayakuwa karibu na kiti.

"Basi nitapima upya," akasema Dada Tope. Lakini yeye mwenyewe anajua. Mbegu ukishaichoma imekwisha. Kwenye ile sentimita ambapo ziwa linakauka zilikuwa nne. Zote nne zilikwenda Mei.

Kisha akasema, taratibu, kama mtu anayetafuta kitu mfukoni: "Lakini Mei fundi alikuwa kwenye stuli. Nakumbuka. Nilimletea mto akalie."

Chumba kile tunaingia watatu tu, Baba, yeye, na mimi wakati wa likizo. Simu haziruhusiwi. Hakuna picha ya kuthibitisha.

Baba akasema, "Unakumbuka vibaya, binti. Mto ulikuwa mwaka jana."

Mwaka jana yeye alikuwa ziwani. Mto ninao mimi, nimeukuta nyuma ya friji.

Dada Tope alimtazama Baba. Si kwa hasira. Alimtazama kama anavyotazama kwenye mikroskopu kitu kinapokuwa si mbegu. Akaenda kuosha bakuli zilizokwisha oshwa.

Mkaguzi akafungua daftari la wageni la mlangoni. Akapitisha kidole. Akasema, "Binti wa fundi amesaini kuanzia tarehe tisa Juni. Kesho nitazungumza naye kidogo."

Kidogo!

Jumanne, 15 Julai – asubuhi, kabla ya kutoka

Baba ameniita uani. Anapiga viatu rangi. Hakuniangalia.

Amesema: "Atakuuliza kama ulipokuja siku ya kwanza ulikuta kiti. Ukisema ulikikuta, yanaisha. Yule dada atapewa muda, atachimba tena, ni kijana. Ukisema hukukikuta, mimi ni mwongo. Si wa kiti tu. Mirija ya miaka kumi na tisa, mwanangu, yote imepita mkononi mwangu. Watu wamesadiki neno langu kwamba hiki nimekiosha na hiki nimekiosha. Nikiwa mwongo kwenye moja, watauliza na zile nyingine."

Nikasema, "Lakini ni mimi niliyekileta."

"Na mimi ndiye niliyekikalia bila kuuliza mara mbili. Mkono wangu, kiti changu, meza yangu."

Alipaka rangi kiatu kilekile mara mbili. Mama katokea mlangoni, akatuangalia, akauliza, "Kuna msiba nisiokuwa na habari nao?" Baba kamwambia tumechelewa.

Sitaki kwenda.

Jumanne hiyohiyo – maabara, chooni

Naandika gotini. Mwandiko mbaya.

Walikuwa wote ofisini. Profesa, Mkaguzi, Baba karibu na dirisha. Dada Tope hakuitwa, alikuwa nje. Mkaguzi alinipa kiti, nikakaa. Akaniuliza nasoma darasa gani, napenda somo gani. Nikajibu nikiangalia mbao za sakafu. Halafu akasema, "Tarehe tisa Juni, uliingia chumba cha baba yako kwa mara ya kwanza likizo hii. Alikuwa amekalia nini?"

Hakuuliza kama kiti kilikuwepo! Baba alinifundisha jibu la swali jingine.

Nikafungua mdomo. Baba aliangalia viatu vyake. Vinang'aa. Nikasimama nikaomba ruhusa kwenda chooni – kwa Kiingereza, kama shuleni, sijui kwa nini. Profesa akasema nenda. Mkaguzi akasema tunakusubiri, hakuna haraka, samahani.

Nimefunga komeo. Dakika tano zimepita? Kumi?

Nikisema stuli, Baba wangu. Nikisema kiti, Dada Tope. Nikibaki humu, orodha iliyobandikwa ndiyo itakayosema.

Mtu ameingia. Anafungua bomba. Ni Dada Tope, nazijua kandambili zake.

Anasema, "Mdogo wangu, uko humo?"

Ameona miguu yangu.

Anasema, "Usimwogope yule mzee. Mwambie ulichokiona tu. Na kama nimekosea mimi, mwambie vilevile, sitakununia."

Anaosha uso. Maji mengi.

Anasema – naandika kama anavyosema – "Unajua, huenda kweli nimekosea. Tangu jana nawaza Mei ile. Kwanza nilimwona kwenye stuli, wazi kabisa. Sasa nikifumba macho namwona kwenye kile kiti cheusi, na mto wangu uko juu yake. Baba yako hawezi kusema uongo. Basi nimekosea mimi. Ndiyo hivyo. Kichwa kimechoka."

Hapana. Hapana hapana. Usiione hivyo! Haikuwa hivyo!

Nimesema. Sauti imetoka, nimeisikia ikigonga vigae:

"Stuli."

Bomba limefungwa.

"Umesema nini, mdogo wangu?"

Koridoni mlango wa Profesa umefunguka. Viatu vinakuja. Ni vya Baba. Dada Tope amesogea, kivuli chake kiko chini ya mlango wangu, na anauliza tena, taratibu, nimesema nini. Naweka kalamu, nafungua komeo.